Deni Halifuati Ukuta

Sparkhill, Birmingham

Mdogo wangu Mwanaidi,

Hujambo, na goti lako je? Umelikanda kwa mafuta ya nazi kama nilivyokwambia, au bado unabishana nalo? Sisi huku miili mizima. Moyo wangu ndio umechacha. Anayeandika ni Rehema, mkwe wangu. Maneno ni yangu, hata yale anayoyaonea haya.

Unamkumbuka Sefu, mtoto wa yule muuza mkaa wa mtaa wa pili? Alikuwa na nyumba huku, si mbali nasi. Mwaka jana alimwita mwanangu Hamisi amjengee jiko la nyuma. Hamisi akataka waandikiane. Sefu akacheka: "Karatasi ya nini, kaka? Mama zetu si walikopeshana chumvi?" Tukaona haya. Hamisi akajenga miezi mitatu, vidole vikampasuka kwa saruji na baridi. Malipo kila siku ni kesho.

Kwetu unajua: fundi asiyelipwa haweki mlango. Nyumba inakaa wazi mpaka mwenyewe aone aibu. Hamisi alitaka kufanya hivyohivyo, akarudi nyumbani na mlango garini. Nani alimkataza? Mimi. Nilisema, "Uweke mlango, mwanangu, mle mna watoto, na baridi ya huku haina huruma." Akauweka. Haukupita muda, nyumba ikauzwa, Sefu akahama, simu haipatikani.

Mimi nikasema, haya, kahama yeye, ukuta haukuhama. Nikavaa makoti mawili, nikaenda kuketi kizingitini pale. Akatoka mama wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili kinamtoka kama maji.

"Mama, utaganda. Ingia ndani."

"Siingii. Ukuta wa jiko lako una jasho la mwanangu. Umenunua nyumba, umenunua na deni lake."

"Deni gani, mama? Mimi nimelipa yote. Huyo bwana aliniambia jiko kalijenga kwa mikono yake."

Kwa mikono yake! Mikono ile laini kama maandazi! Nilicheka, Mwanaidi, kisha nikalia. Yule mama akaniinua, akanipitisha kwa nyuma mpaka jikoni, akanipa chai ya tangawizi. Akaufunga mlango. Hauna hata mlio. Hamisi aliuweka vizuri mno.

Tukaenda kwa mwanasheria. Akasema, sheria ya huku deni la fundi halifuati nyumba, linamfuata aliyemwita kazini. Lingeifuata kama Hamisi angekwenda mahakamani mapema, ashinde, deni liandikwe kwenye daftari la nyumba. Hapo Sefu asingeiuza kirahisi kabla Hamisi hajalipwa. "Sasa mtafuteni Sefu." Nikamwuliza, "Umesoma miaka mingapi kuja kunambia hayo?" Rehema akanikanyaga mguu.

Hamisi ameuza gari lake la kazi. Siku hizi anabebea watu matofali huko Great Barr, anakwenda kwa basi. Hanilaumu. Angenilaumu, ningepumua.

Sasa nisikilize. Uliniuliza habari ya Fundi Athumani, aliyepandisha ukuta wa uani kwenye nyumba tuliyoachiwa na mama na hatujammalizia. Mimi, kwa ulimi huu huu, nikakujibu: uza tu, mnunuzi atamalizana naye. Nilikosea. Rehema, andika kwa herufi kubwa: NILIKOSEA. Mnunuzi usimpe ufunguo. Mwite Athumani kwanza, mlipe mbele ya shahidi, hata kama fungu langu lote litakwisha hapo. Nyumba ya mama isitoke mikononi mwetu na jasho la mtu ukutani.

Msalimie shemeji yangu, huyo mumeo, mwambie apunguze chumvi. Shangazi yetu asiyeona, mbusu mikono yote miwili, mwambie ni mimi. Athumani usimpe salamu zangu. Mpe haki yake, ndiyo salamu. Na wewe usinijibu kwa mengi. Neno moja linanitosha: kalipwa.

Dada yako,
Mwanamkasi, aliyesema mlango uwekwe.