Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mpendwa Baba Shiru,

Kitalu chetu bado kipo. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeliuliza kabla hata hujanisalimia.

Unakumbuka tulivyokianzisha hapa Ruiru, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na miche ya avokado uliyoileta kutoka Thika kwenye gunia? Ulikaa juu ya ndoo, ukakunjua kisu chako cha mfukoni, ukachonga kijiti cha mti mzazi, ukakipachika kwenye mche. Kazi yangu ilikuwa kufunga plastiki pale kwenye kiungo, na kukuchokoza. Ulikuwa na maringo na hicho kisu, usikatae. Siku nilipokitumia kuchonga kigingi ulinuna mpaka chai ikapoa.

"Mama Shiru, makali haya ni membamba. Yanakata kama wembe lakini hayavumilii, yanameguka. Kigingi chonga na kile cha jikoni. Hicho kimenolewa pande mbili, makali yake ni manene, yanakaa. Hiki ni upande mmoja tu. Ule mwingine ukae bapa ndio mkato unyooke, mche na kijiti vishikane."

Ulipotuacha nilikirithi. Nikanoa upande uleule, polepole, kwa maji, kama wewe. Na bado miche ikakauka. Kila nikichonga, kisu kinazama ndani ya kijiti kama kinavutwa, kinaacha bonde, na mahali pa kushikana hakuna. Ndugu yako akaniambia kwa upole, "Shemeji, mvua hii ikipita hivi, tufunge kitalu tupande mahindi." Nililia, Baba Shiru. Nilidhani mkono wangu ndio mbovu, na kwamba kila ulichojenga kitanifia mikononi.

Halafu shule zikafungwa. Shiru akakaa kwenye ndoo yako, akachukua kisu kwa mkono wake wa kushoto. Huo mkono unaujua. Mama yangu akija kutoka Ngoliba alikuwa anahamisha kijiko kwenda mkono wa kulia, na wewe unakirudisha: "Mwacheni, huyu ni wangu." Basi mtoto akachonga, na mkato ukatoka umenyooka.

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo nimekuona ukila, ukiandika na kunipungia kwa kushoto, na sikuwahi kufikiria kwamba hata kisu ulikinoa kifuate mkono wako. Mimi wa kulia nilikuwa napigana nacho bure. Nilicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Ndugu yako alitaka tukipeleke kwa fundi, asage ule upande mwingine ili nikitumie mimi. Nikakataa. Nimejinunulia changu, nimekinoa upande wangu, na sasa tunachonga wawili. Miche imechipua majani yale mekundu mekundu uliyokuwa unayapenda. Mahindi hatupandi. Nina furaha, na sioni haya kukuambia.

Jana Mama alikuja. Akamkuta Shiru kwenye ndoo, kisu mkononi, akainama akihamishe kwenda mkono wa kulia. Nikajikuta nikisema, "Mwache, Mama. Huyu ni wa baba yake."

Mama akavuta mkono, akaomba chai.

Lala salama, mume wangu. Plastiki bado nafunga mimi.

Wako,
Mama Shiru