Baba mkwe anataka mbao nyekundu

Dada Felista, shikamoo. Naomba msaada wako maana nacheka na kuogopa kwa wakati mmoja, na mume wangu hawezi kunisaidia kwa sababu yeye anacheka tu.

Naitwa Modesta, mzaliwa wa Bukoba, nimeolewa hapa Masoko, Rungwe, huu mwaka wa tatu. Kabla ya ndoa nilifanya kazi hotelini Mwanza na huko nikajifunza kufundisha watu kuteleza juu ya maji, yaani unavaa mbao miguuni, unashika kamba, boti inakuvuta na wewe unasimama. Mchezo huo tumeuanzisha hapa ziwani, mume wangu Jackson anaendesha boti na mimi nafundisha, na wanafunzi wetu ni walimu na wauguzi waliohamishiwa huku ambao Jumamosi na Jumapili hawana pa kwenda. Baba mkwe, ambaye jina lake siliandiki kwa sababu unajua mwenyewe mkamwana wa huku halitaji, muda wote huo aliuita mchezo wa bata na hakuwahi kuuliza habari zake.

Sasa tarehe 3 Mei, baada ya ibada, alishuka kuangalia migomba yake akamkuta muuguzi Elina, ambaye huogopa hata dimbwi, amesimama juu ya maji anaimba pambio, akatazama mpaka boti ikazimwa, kisha akanipa mgongo kama mila inavyotaka, akamwambia Jackson kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mwambie mwalimu wako na mimi nataka. Nataka ile nyekundu." Dada, kamba ilinitoka mkononi. Tangu niolewe hajawahi kuniomba kitu, wala kuniita mwalimu, nikaenda kurukaruka nyuma ya banda la boti mpaka wifi yangu Tulia akaniuliza kama nimekanyaga siafu.

Lakini ile nyekundu, aliyoiona imeegemea banda, ni ubao mmoja, mwembamba, ambao unaweka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma yake, ni wangu wa kufanyia maonyesho, na anayeanza akiuvaa anakwenda chini kama kijiko. Za kuanzia ni zile mbili za njano, pana na ndefu, ambazo ncha zake za mbele zimeunganishwa kwa kamba fupi ili miguu isiachane, na zinakuinua mapema boti ikiwa bado inakwenda polepole. Ila sisi wenyewe tumezoea kuziita za chekechea, naye amesikia, akamwambia Jackson kwamba mzee wa kanisa mwenye wajukuu hafungwi miguu kama kuku wa sokoni mbele ya kwaya, maana kwaya nzima ameshaitangazia kwamba atateleza siku ya sikukuu ya mavuno mwezi Juni, na wote wanakuja.

Halafu kuna hili linaloninyima usingizi. Mwanafunzi mpya huwa namshika kiunoni majini mpaka boti imvute, na akianguka ni mimi ninayeogelea kumfuata. Nimshike baba mkwe kiuno, mimi ambaye akipita tu njiani najibanza kwenye migomba? Nikimpa nyekundu ataanguka na nitamkumbatia mbele ya kanisa, nikimpa za njano atajiona nimemdhalilisha na hatasema na mimi tena hata kwa mgongo, na nikikataa nitakuwa nimemfukuza siku aliyokuja. Jackson anasema nimpe anachotaka, akizama ataruka yeye, nikamuuliza usukani atamwachia nani, akaenda kufuta boti iliyokwisha futwa. Mama mkwe ndiye kabisa: "Mpe yoyote. Nilimtoa kwenye pombe, maji ndiyo yatanishinda?"

Mwanafunzi huyu sitaki anipotee. Nimpe mbao zipi, na nimfundisheje bila kumgusa?

Modesta, Masoko


Marahaba, Modesta. Barua yako nimeisomea saluni hapa Bulyaga, nikacheka mpaka msusi akanitishia kuniacha na nusu kichwa.

Nikukaripie kwanza. Swali la mbao umelijibu mwenyewe kisha ukanitumia mimi. Umeandika kwamba nyekundu humzamisha anayeanza, sasa unaniuliza nini? Mwalimu hampi mwanafunzi kitu cha kumwangusha eti kwa kuwa mwanafunzi ana mvi. Atavaa za njano, na ile kamba ya mbele usithubutu kuifungua. Na nani alizipa jina la chekechea? Ninyi. Mlimtukana mzee wa watu kabla hajavua viatu. Kuanzia leo ziitwe za kwanza, na Jackson akisahau, mnyime chai.

Utamshawishije? Usimshawishi. Unaye mama mkwe asiyeogopa kitu, na unamtumia kwa utani tu. Mwombe apande yeye kwanza, wiki hii, kwaya ikiwa haipo, na huyo mshike kiuno utakavyo. Hakikisha mzee yuko kwenye migomba yake siku hiyo. Namjua mwanaume wa Rungwe: akimwona mkewe amesimama juu ya maji, hatauliza habari za rangi, atauliza zamu yake ni lini.

Kuhusu kiuno, mila usiivunje na wala usiitumie kama kisingizio. Tafuta mwanaume wa rika lake anayejua kuogelea. Hao walioga mto mmoja tangu utoto, hawana aibu ya kushikana. Mfundishe huyo mzee wa pili kazi ya kushika, wote wawili wavae jaketi za kuokolea, na waanze kwenye majani makavu: baba mkwe achuchumae juu ya mbao, mikono inyooke, Jackson avute kamba taratibu mpaka mzee asimame bila kuivutia kifuani. Wewe kaa pembeni na uzungumze na mbao. Ndiyo, na mbao. Sema, "Nyie mbao, mnapenda magoti yaliyokunjwa. Nyie mbao, akiona anaanguka aiachie kamba." Yeye alikuomba kwa kumpitia Jackson akiwa amekupa mgongo, na ulimwelewa vizuri. Atakuelewa na yeye.

Tena asiteleze mbele ya kwaya kama hajawahi kusimama bila kwaya. Hilo halina mjadala, hata akileta askofu.

Ataanguka, Modesta. Wote huanguka, na maji ya Juni huku unayajua yalivyo baridi. Akianguka usipige kelele, usimpe pole, wala usiogelee, atakayemfuata ni yule mzee wa pili. Geukia migomba kama mkamwana aliyelelewa, uwasikilize wazee wawili wakigombana majini mpaka mmoja amweke mwenzake sawa. Kisha, ukiwa umewapa mgongo, ziambie mbao zijiandae, na umwambie Jackson awashe boti.