Chiriku Hayupo Darasani

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Wapwa zako hawajambo. Je, kifua chako kimepona?

Nina hasira, nisikufiche. Ile programu iliyoshinda kwenye hakathoni yenu, yale mashindano ya kutunga programu hapa shuleni, inamtumia mzazi ujumbe mtoto akikosa darasa. Chiriku, yule msichana mwenye maneno mengi aliyewapangia viti, hukosa vipindi vya asubuhi kwa kumlea mdogo wake mchanga, mama yao akiwa kazini. Mimi nilijua, na mchana namfundisha peke yake. Simu mliyoandikisha ni ya baba wa kambo, naye hakujua. Kasoma "mtoto wako ni mtoro", kasema hasomeshi watoro. Kamtoa shule.

Zima dude lako, uje umweleze baba huyo wewe mwenyewe!

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimepona, asante.

Usinitwishe mzigo wa baba wa watu. Tulikaa na jamii nzima: walimu, wazazi, mafundi wa kompyuta. Wote mlipiga makofi, hata wewe. Na takwimu zinasema utoro umepungua.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ninayo, uvumilivu umeniisha.

Nilipiga makofi, ndiyo, na najuta. Jamii nzima ipi? Watoto walibeba viti, kisha mkawafukuza nje wasije wakakanyaga nyaya zenu. Mngemuuliza Chiriku kwa nini mtoto anakosa shule, angewajibu mpaka mkome. Utoro umepungua kwa sababu mtoro wenu mmemfukuzisha!

Baba wa kambo anasema akimsikia aliyetunga ujumbe ule akikiri kwa mdomo wake kwamba alikosea, atamrudisha mtoto. Tumekubaliana Jumamosi. Njoo.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Mzima mimi, ila umenikalia kooni. Haya, nimeizima. Jumamosi nitakuja, bila kukosa. Mwambie Chiriku afue sare.

Mdogo wako

24 Machi

Sare aliifua. Jumamosi tulikaa barazani kwa baba wa kambo mpaka chai ikapoa, mtoto kaivaa. "Fundi wako yuko wapi?" baba huyo akaniuliza. Nilikupigia, hukupokea. Jioni nikaona picha yako jukwaani, hakathoni nyingine, kipaza sauti mkononi, na bango nyuma yako: Kila Mtoto Darasani.

Jana Chiriku kapelekwa mji mwingine, kazi za ndani. Alipanda gari bila kusema neno.

Usinijibu.

Mwalimu wa Chiriku