Jiwe la Babu Chini ya Jiko

Mama, shikamoo. Nakuandikia huku jasho linalowesha kadi.

Leo asubuhi nilifika kwenye ile kambi ya Vita vya Pili vya Dunia, ufukweni mwisho wa Temeke, alikofia baba yako. Yamebaki magofu tu, na ndani ya mojawapo anaishi Bi Zuhura, mkaanga mihogo. Nilipomuuliza makaburi ya askari yako wapi, alisema hayapo. Lakini kila nilikopita kutafuta, nilimkuta nyuma yangu, kisu mkononi. Nikajua kuna kitu anaficha.

"Nyie wachimba mali za Wazungu mnajifanyaga mna ndugu hapa," akasema. "Fungua huo mkoba."

Hakukuta sururu. Alikuta picha ya babu kavaa sare.

"Jina lake?"

"Yohana, mtu wa Njombe."

Alisogeza jiko la mkaa, akang'oa bamba la saruji sakafuni, akalipindua. Jina la babu lilikuwa upande wa chini! Anasema aliyalaza mawe ya makaburi hivyo ili wachimbaji wasiyavunje. Mimi bado nashuku alihitaji sakafu tu. Nilipotaka kuja nalo nyumbani alikataa katakata: "Likiondoka, huyu atalala bila jina."

Tukalibeba wawili hadi nyuma ya gofu, kwenye kaburi lililofichwa na magugu, tukalisimamisha. Nikasali. Bi Zuhura akaitikia amina.

Kunywa dawa zako, Mama, na ule vizuri. Nataka nikukute na nguvu, nikupeleke ukamsalimie baba yako.

Mwanao, Neema