Simu ya Mwezi kutoka Mhezi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea.

Mwezi mpevu umerudi na mimi situlii. Tangu jua lilipozama niko uani hapa Same, kamera juu ya miguu yake mitatu, naisogeza kushoto, naisogeza kulia. Simu hunipa saa ya mwezi kuchomoza, ila haijui kwamba kati yangu na mwezi kuna Upare mzima na milima yake. Wewe ndiye uliyejua. Ulikuwa ukinipigia simu kutoka kijijini, kule juu Mhezi: "Umetoka. Acha chai yako, nenda nje." Natoka mbio, na baada ya muda kidogo mwezi unatokeza juu ya mlima, mkubwa, wa njano, nami napiga picha hadi vidole vinauma.

Ulinicheka sana. "Mwezi ni ule ule, mwanangu. Unangoja uote ndevu?" Lakini kila picha uliitaka, hata zile zilizotoka kama chapati iliyoungua.

Tangu tulipokuzika sijapata hata moja nzuri. Nawahi mno, nachoka kungoja, naingia ndani kuteleka maji. Nikirudi mwezi uko juu tayari, mdogo na mweupe, umeshaachana na mlima. Nakasirika, na simjui ninayemkasirikia.

Mwezi mpevu uliopita nilishindwa kuvumilia, nikapanda Mhezi. Nilisimama mlangoni pa jiko lako, pale uliposema ndipo unapouona mwezi huku ukikoroga makande. Giza likaingia. Mbele yangu tambarare, nyuma ya nyumba kilima na migomba, mwezi hakuna. Jirani yako Mama Nakijwa akanikuta nahangaika.

"Unatafuta nini hapo?"

"Mwezi."

"Hapo hauonekani mpaka watu wamelala. Mama yako alikuwa anapanda kule juu, kanisani. Na goti lile. Tukimwambia apumzike, anasema kuna mtu Same anamngoja."

Nilipanda. Njia ni mawe matupu, nami mwenye magoti mazima nilisimama mara kadhaa kuvuta pumzi. Nilipofika mwezi ulikuwa umeshatoka. Sikupiga picha. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa, nikalia.

Mlangoni pa jiko, Mama. Ndivyo ulivyoniambia miaka yote.

Sasa pumzisha goti. Huu wa leo nitaungoja mwenyewe, na maji ya chai sitateleka.

Kitindamimba wako,
wa Same