Nimewafungia Kliniki Nzima

Mwanangu, mshikaji, uko wapi?

Nipo kliniki, mapokezi, anapofanya kazi dada yangu. Nilimtania kwamba nywila yake, lile neno la siri la kompyuta, ni mlango wa pazia, yeyote anapita. Akanijibu, "Haya mjuaji, jaribu yangu. Yangu TU."

Nikapakua kwenye kompyuta yake ile programu ya kubahatisha nywila, ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi.

Yangu tu, alisema! Mimi kwa kiherehere nikaweka majina ya wafanyakazi wote. Mfumo ukashtuka kwa majaribio mengi ya kukosea, ukamfungia kila mtu. KILA MTU!

Daktari katoka mbio: "Faili la mgonjwa wangu halifunguki! Nani kafanya hivi?"

Dada akasema, "Mimi."

MIMI, kasema! Yuko ndani kwa bosi, anafukuzwa kwa ajili yangu.

Utani umeniisha. Nagonga mlango wa bosi, nikaseme ni mimi. Niombee.