Barabara Kati ya Mama na Dada Yake

Kwako dada yangu,

Natumaini maneno haya yatakukuta umekaa, viatu umevua na chai iko mbele yako, maana nakujua, ukitoka kazini unasoma kila kitu umesimama kama mtu anayengoja kufukuzwa. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na wale wazee unaowatunza huko, bado yule babu anakutupia kijiko? Sisi huku wazima, kwa maana kwamba tunaamka, tunakula, tunakwenda kazini. Mama Mkubwa, mama yako, hajambo kabisa. Anakula, ananuna, anasikia anachotaka kusikia tu, kwa hiyo ujue afya ipo.

Naandika kwa mkono halafu nitakupigia picha kurasa hizi, kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Nikiisikia sauti yako, ulimi unakimbilia neno jepesi, kisha nakaa na neno hilo wiki nzima linanisuta. Kuna jambo uliniuliza baada ya mazishi ya Mama, na mimi nikakujibu. Nitafika huko. Niache kwanza nianzie nyuma kidogo, maana nikianza na hilo utadhani nimerukwa na akili.

Unaukumbuka mtaa wetu ulivyouacha. Chumba chetu upande huu, cha mama yako upande ule, na katikati safu mbili za nyumba zilizosongamana hadi mtu akikohoa huku anapewa pole kule. Macho ya Mama Mkubwa yalipokwisha, na masikio nayo yakaanza kumtoroka, Mama akajipa kazi ya kumwogesha dada yake kila asubuhi. Alitoka na ndoo, sabuni na taulo begani, akapita kichochoro, akafika kabla maji hayajapoa. Hakuwahi kuiita kazi. Alikuwa akisema anakwenda kugombana na dada yake.

Kisha wakaja watu wa jiji wakatuita mkutanoni kwenye uwanja wa shule. Bwana mmoja mwenye shati lililonyooka kama karatasi alitandaza picha ya barabara itakavyokuwa: njia nne za kwenda, nne za kurudi, miti, na watu wanatabasamu wakitembea. Nakuapia, dada, hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kutembea vile. Mama alinyanyuka akauliza yeye atamfikiaje dada yake. Yule bwana akamwonyesha kwenye picha daraja la waenda kwa miguu, zuri, lina hadi paa la kukinga mvua. Mama akakaa ameridhika. Alirudi nyumbani anasema jiji safari hii limekumbuka binadamu.

Safu mbili za katikati zikabomolewa. Zetu zikaachwa kwa kuwa zilikuwa nje ya alama, basi majirani wakatuita wenye bahati. Mimi nikapata kibarua huko huko kwenye ujenzi, kushika bendera. Najua ulicheka niliponunua simu nikakutumia picha nimevaa lile koti la kung'aa. Watoto wakanipachika jina la Trafiki, na Mama akalipenda kuliko jina alilonipa mwenyewe. Kazi yenyewe ni kusimama juani: ukiinua bendera nyekundu malori yanasimama, ukiinua ya kijani yanapita. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa kona na redio ya mkononi, tunaelewana nani aachie na nani azuie. Niliipenda, sikufichi. Katika maisha yangu hakuna kitu kilichowahi kusimama kwa sababu yangu.

Daraja hatukuliona. Nguzo ziliishia kwenye picha. Tulipomfuata diwani alitwambia kwa upole mwingi kwamba daraja limesogezwa awamu ya pili, bajeti ikiruhusu, na kwamba kwa sasa wananchi wavukie kule kwenye mzunguko. Unajua mzunguko uko wapi: kule tulikokuwa tunashukia tukienda hospitali ya rufaa. Yaani Mama apande basi hadi kule, avuke, apande basi jingine kurudi, afike kwa dada yake jua limeshawaka, wakati akisimama dirishani kwetu anauona mlango wake. Nikasema basi, ahamishiwe kwetu. Mama yako akagoma. Alisema yeye si godoro la kuhamishwahamishwa, na chumba kile ndicho pekee anachojua kutembea bila macho. Hapo hata wewe ulimuunga mkono, unakumbuka.

Kwa hiyo wakati wa ujenzi Mama alikuwa anavuka pale pale kilipokuwa kichochoro. Anafika ukingoni na ndoo yake, anainua mkono wa kulia juu, anaingia barabarani bila haraka, na malori yanasimama. Akifika katikati anawashukuru madereva kwa kichwa. Jioni ananiambia hata malori ya kokoto siku hizi yana adabu kuliko vijana wa mtaani, yanamjua. Wanawake wenzake aliwaambia siri yake: wasikimbie, wasibabaike, wainue mkono kama mtu mwenye haki yake. Mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa nasimama nyuma yake, dada, hatua chache tu nyuma yake, bendera nyekundu juu. Hakugeuka hata siku moja. Nilimwona anavyonyoosha shingo akipita mbele ya malori yale makubwa, mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akisogea pembeni ili wengine wapite, nikaona kumwambia ni uchoyo. Ningemwambiaje kwamba hawamwoni yeye, wanaiona bendera?

Barabara ikakamilika. Palikuwa na ngoma, hotuba na utepe wa kukatwa. Kesho yake msimamizi alikusanya makoti na bendera zote, akatushukuru. Nikapata kazi ya kupiga pasi kwenye dobi la hoteli, kule mjini, natoka alfajiri. Nilimwambia Mama asithubutu kuvuka, apande basi la mzunguko. Nilimwambia kwa ukali hadi akaninunia. Alipanda kwa muda. Alikuwa anarudi miguu imevimba, analalamika kwamba maji ya dada yake yanachelewa na mtu mzima anakaa na jasho la jana hadi mchana. Nikamwambia avumilie, daraja litakuja. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Ulichoambiwa kwenye simu ni kwamba aligongwa akivuka. Ni kweli, lakini fundi viatu anayekaa pale ukingoni aliona yote, na nataka ujue alivyonieleza. Alisema Mama alifika na ndoo, akasimama, akainua mkono, akaingia taratibu kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Gari la kwanza likasimama. Fundi anasema Mama alimshukuru dereva kwa kichwa. Kisha gari lililokuwa nyuma ya hilo likachoka kungoja, likatoka pembeni kulipita, na dereva wake hakuweza kumwona kwa sababu lile lililosimama lilimficha. Fundi alipiga kelele. Anasema Mama wala hakuangalia upande ule, alikuwa anautazama mlango wa dada yake.

Polisi waliandika kuwa ni uzembe wa mwenda kwa miguu. Jiji nalo halikukaa kimya, lilileta kibao kinachosema hairuhusiwi kuvuka hapa, wakakisimika karibu kabisa na mahali pale. Nilimuuliza diwani kama awamu ya pili ndiyo hiyo. Alinipa pole, akasema nina uchungu na anaelewa. Kweli nina uchungu, ila yeye haelewi. Napiga pasi mashuka ya wageni huku najiambia kwamba dakika moja ingetosha. Ningesema, Mama, geuka uone nilichoshika. Angeona haya kidogo, angeninunia siku mbili, na angekuwa hai. Namlaumu yule bwana mwenye picha, namlaumu dereva, nawalaumu wote, lakini nikiwamaliza najikuta nimebaki mimi.

Sasa nafika kwenye swali lako. Uliniuliza kama Mama Mkubwa ameambiwa, nikakujibu kwamba ameambiwa, amelia, amepokea kama mtu mzima. Ukalia ukasema afadhali. Dada, nilikudanganya. Mama yako hajui. Mpaka leo ninapoandika hajui.

Siku ya msiba yule jirani yake muuza mkaa ndiye aliyemlisha. Hakumwambia kitu, alisema neno hilo ni la kusemwa na watu wa damu, na alikuwa na haki. Tulipomaliza kuzika nikaenda mimi, kupitia mzunguko, nimejipanga kusema. Nilichukua ndoo ya Mama kwa sababu nilijua atakuwa hajaoga, si kwa sababu nyingine, uniamini. Nikaingia, nikamgusa bega mara mbili ili asishtuke, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwona Mama akifanya. Hapo hapo akaanza kufoka. Alisema nimemtelekeza, nimemwachia muuza mkaa amlishe kama kifaranga, na kama nimechoka kuwa mdogo wake nimwambie. Akanipa mgongo wake nimsugue.

Nikamsugua. Nilifikiri nitamwambia nikimaliza mgongo. Kisha nikasema nikimaliza miguu. Unajua siku hizi hasikii mpaka umwekee mdomo sikioni upige kelele, na hata hapo unapata neno moja kati ya matatu. Habari kama ile watu husema kwa sauti ya chini, wanamshika mtu mkono, wanazunguka kwanza. Mimi ningelazimika kupiga ukelele nyumba nzima isikie kwamba mdogo wako amekufa, na yeye aniulize, nini? Nirudie. Fikiria wewe unarudia. Nilimvalisha gauni, nikamchana nywele, nikaondoka nimefunga mdomo.

Nimekuwa nikienda kila asubuhi tangu siku ile. Nimeomba kazi ya mchana pale dobi kwa ajili hiyo. Naongea naye kama Mama alivyokuwa akiongea naye, kwa mikono: nikimbonyeza kiganja mara mbili ni ndiyo, nikimsugua kidole gumba ni hapana. Ananiambia nimekonda mikono, nile. Ananisimulia mambo ya utoto wao, jinsi Mama alivyokuwa akijificha nyuma yake wakipita kwa mbwa wa mwalimu, na ananicheka kwa woga wangu. Nimemjua Mama kwa mambo ambayo mwenyewe asingenisimulia kamwe. Kuna asubuhi, nisamehe, nimekwenda kwa furaha. Mle chumbani Mama hajafa, ametoka tu kununua sabuni.

Lakini juzi nilipokuwa namfuta miguu, alinishika kifundo cha mkono akanivuta. Aliongea polepole, si kwa ile sauti yake ya kufoka. Aliniuliza yeye amemkosea nini yule binti yangu. Alisema zamani binti huyo alikuwa anakuja kumpigia kelele za utani sikioni hadi anasikia, tena ni yeye peke yake anayejua kumchekesha, ila sasa hata kumsalimia haji. Alisema nimwambie binti huyo kwamba kama ni hasira, yeye ameshamsamehe hata kabla ya kujua kosa. Kisha akauliza kama binti huyo atakuja, akaufungua mkono wake na kuniwekea kiganja mbele.

Nilikitazama kile kiganja, dada. Mimi ndiye anayeulizwa. Kwake yeye Mama yu hai, na aliyepotea ni mimi. Nikambonyeza mara mbili, akashukuru, akasema basi atamngoja.

Nimeshindwa kuendelea na siwezi kuacha. Najua vibali vyako, najua mwajiri wako hataki kusikia habari ya msiba wa mama mdogo kwa kuwa kwao mama ni mmoja tu. Lakini unawaogesha mama wa watu huko kila siku, njoo umwogeshe wako walau mara moja, ukae naye, mimi nisimame mlangoni kama mimi. Tukiwa wawili tutaweza kumwambia. Mmoja atapiga kelele, mwingine atamshika.

Nisalimie wenzako wote mnaokaa nao. Yule babu wa kijiko mwambie akutendee wema, maana una nyumbani. Muuza mkaa anakusalimu sana, na fundi viatu pia, kila akiniona anainuka. Mama yako anakusalimu kuliko wote. Anasema ukipiga simu uongee na mdogo wake, atamfikishia kila neno.

Ni mimi mdogo wako, anayekungoja.